Mkia wa Kitabu

Dada yangu,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha shemeji, kisha wapwa zangu kwa kufuatana na urefu wao, ambao najua umebadilika tangu nilipowaona. Natumaini barua hii inakukuta una nguvu, na kwamba mguu wa mama umepungua uvimbe. Mimi nipo. Nakula, nalala, naamka, naenda kazini. Kifua hunibana asubuhi, lakini nikishakohoa hadi mwisho huniachia nifanye kazi mpaka jioni.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Kila nikipiga, mama yuko ubavuni pako, nawe unaniweka kwenye spika ili asikie sauti yangu. Ninayotaka kukuambia leo si ya spika. Na kwa kuwa wewe ndiye uliyenishika mkono nikajua kuandika baada ya kutolewa shule, makosa utakayoyakuta humu tugawane.

Nianze na kazi, maana bila kuijua kazi hutaelewa yanayofuata. Hapa tunapasua mawe. Malori yanaleta jiwe moja kubwa kama chumba, msumeno unalikata mchana kutwa huku maji yakilimwagikia, na linatoka mabamba mapana ya kutandaza kwenye sakafu za wenye nyumba zao. Mabamba hayo hatuyalazi chini, yangevunjika. Tunayasimamisha kwenye fremu za chuma, yakiegemeana kama vitabu kwenye rafu. Maji ya msumeno yakichanganyika na unga wa jiwe yanakuwa tope jeupe, tope likikauka linakuwa vumbi, na vumbi hilo ndilo linaloishi kifuani mwangu bila kulipa pango. Jioni tunatoka getini weupe kuanzia kope hadi viatu. Msimamizi wetu alikuwa akisema tunafanana na maiti waliopewa ruhusa ya kutembea kidogo, nasi tulikuwa tukicheka.

Mdogo wetu Kitinda ndiye aliyeniingiza kwenye vitabu. Unamjua, alikuwa hawezi kukaa chooni bila kitu cha kusoma. Hapa alimkuta Mzee wa Stoo, yule anayetugawia glovu na visu vya misumeno, mtu mkimya ambaye kila wiki anakwenda kwa muuza vitabu chakavu kando ya barabara na kurudi na kimoja kwapani. Wakaungana, wakampata Mpishi, wakampata kijana mmoja wa winchi, kisha Kitinda akanivuta na mimi, ingawa nilimwambia kwamba mimi nikisoma ukurasa mmoja natoka jasho kama nimebeba mfuko wa saruji. Wenzetu bwenini walituita maprofesa wa tope. Hatukujali. Mtu ukishakaa mbali na kwenu muda mrefu, unahitaji mahali pa kwenda ambapo hakuna nauli.

Kila mwisho wa mwaka kiwanda kinafungwa, mashine zinapakwa grisi, na wale wa karibu wanakwenda kwao. Sisi wa mbali tunabaki na vitanda vyetu. Hizo ndizo siku mbaya kuliko zote, dada, maana ukiwa unafanya kazi huna muda wa kujua kwamba uko peke yako. Ndipo Mzee wa Stoo akabuni mchezo. Kila mmoja wetu anatia kibati chake cha namba, kile cha kuonyesha getini, ndani ya kofia ngumu. Kisha kila mmoja anachukua kibati bila kuangalia. Uliyemchukua, huyo utamtafutia kitabu kwa siri, utakifunga kwa karatasi ya mfuko wa saruji, na siku ya kwanza ya likizo vyote vinakutwa vimepangwa kwenye meza ya bwalo, kila kimoja na kibati juu yake. Hujui nani kakupa.

Jambo la pekee ni mkia. Kabla ya kufunga kitabu, mtoaji anachukua wembe na kukata karatasi za mwisho, mahali anapopenda mwenyewe, na anazificha. Huo ndio mkia. Mpokeaji asome mpaka alipokatiwa, kisha siku ya mapumziko asimame bwaloni na kutusimulia kitabu chote kwa mdomo wake hadi hapo. Akimaliza, mtoaji anainuka na mkia mkononi, na hapo ndipo mtu anamjua aliyemkumbuka. Mzee wa Stoo alisema bila hivyo tungepeana vitabu vya kuegemeza milango. Na kuna sharti moja kali: mtoaji haruhusiwi kumhimiza mpokeaji, wala kumuuliza amefika wapi. Anangoja tu.

Mwaka wa kwanza tulifurahi sana. Mimi nilipewa kitabu cha ufugaji wa nyuki. Nilitumia wiki nyingi, nikasimama nikasimulia jinsi ya kumtambua malkia, watu wakalia kwa kicheko, na Mzee wa Stoo akainuka na mkia wangu uliokuwa na orodha ya magonjwa ya nyuki. Yule kijana wa winchi yeye mpaka leo hajapata mkia wake wa mwaka ule. Tulimbatiza jina Sura ya Kwanza, maana hajawahi kuivuka. Mpishi, ambaye ndiye aliyempa kitabu na kila mtu anajua, humtishia kwamba atamzika nao. Yeye hujibu kwamba hana haraka, mwisho wa vitabu vyote ni mtu kuoa au kufa, na yeye hayuko tayari kwa lolote kati ya hayo.

Sasa nije kwenye yetu mimi na Kitinda.

Wakati ule mimi ndiye niliyekuwa mtu wa mabamba. Bamba likining'inia kwenye winchi, mimi nililiongoza kwa mikono miwili mpaka kwenye fremu, nikaliegemeza, nikafungua mikanda. Ni kazi ya heshima hapa. Mtu wa mabamba haitwi kwa filimbi, anaitwa fundi. Kifua kilipoanza kunibana nilikificha. Nilikuwa nakohoa nyuma ya rundo la mapande mabovu ili nisionekane. Kitinda aliniona. Aliniambia niende kwa msimamizi nikaombe kazi ya mbali na vumbi, nikamwambia aangalie kazi yake. Akaniambia tena mara kadhaa, kwa upole, nikamwambia anyamaze. Basi akaenda yeye. Alimwambia msimamizi kwamba kaka yake anatema damu na siku moja atazimia chini ya bamba. Ilikuwa kweli, dada. Hilo nalo sikuwahi kukuambia.

Msimamizi akanihamishia kung'arisha kingo za mawe kwa kitambaa cha maji, nikikaa kwenye kigoda pamoja na wazee. Na nafasi yangu kwenye mabamba akampa Kitinda, kwa kuwa alikuwa amesimama hapo mbele yake na alikuwa na mikono mizuri.

Nilimngoja bwenini. Nilimwambia mbele ya wote kwamba amenichongea ili avae viatu vyangu, na kwamba kuanzia siku ile asiniite kaka. Alikuwa mtu wa kutii kupita kiasi, unajua. Kesho yake kwenye foleni ya chai alinipisha mbele na kusema, karibu fundi. Hivyo ndivyo alivyoniita tangu hapo. Fundi, kama mtu wa barabarani. Mwaka karibu wote ulipita tukilala chumba kimoja, vitanda vikitazamana, mimi nikiwa fundi na yeye nikiwa simwiti kitu.

Mwaka jana mashine zilipofungwa, tulitia vibati kama kawaida. Mezani nilikuta kitabu chembamba chenye jalada lililofifia. Nilikitazama, nikaona kinahusu reli na mama mmoja mlinzi wa kizuizi, nikasema Mzee wa Stoo amenichoka. Nilisoma kurasa chache nikakitia chini ya mto. Likizo ikaisha, mashine zikawashwa, nami nikawa narudi jioni nimechoka, nakilaza kichwa juu ya kitabu badala ya kukifungua. Wenzangu walianza kusimama mmoja mmoja kusimulia. Mpishi alisimulia chake akalia mwenyewe. Mzee wa Stoo alisimulia chake, na aliyeinuka na mkia alikuwa Sura ya Kwanza, tukapiga makofi kwa kuwa alikiri kwamba karatasi hizo za mwisho alizozikata ndizo pekee alizozisoma.

Kulikuwa na jambo dogo ambalo wakati ule nililipita. Taa iliyo juu ya kitanda changu ilikuwa imeungua muda mrefu, na nilikuwa nimeshazoea giza. Siku moja nilirudi nikakuta imewekwa balbu mpya, na waya uliokuwa unaning'inia umefungwa vizuri ukutani kwa misumari midogo. Nilidhani ni fundi umeme wa bweni. Nilishukuru kimoyomoyo na kuitumia kushonea soksi. Kitinda alikuwa amelala upande wake wa chumba, uso ukinielekea. Nilidhani amesinzia. Nilimaliza soksi nikazima.

Tulipomaliza miezi ya mvua ndipo yalipotokea yale mliyoambiwa. Mliambiwa ni ajali ya winchi. Haikuwa ajali ya winchi. Sura ya Kwanza alilishusha bamba sawasawa, Kitinda akaliongoza, akaliegemeza, akafungua mikanda. Fremu ile ilikuwa na mguu mmoja ulioliwa na kutu, na kila mtu wa mabamba wa zamani aliujua. Nilipokuwa mimi, kabla ya kufungua mikanda nilikuwa nausukuma kwanza kwa goti nione kama unacheza. Hakuna aliyenifundisha, ni mwili tu ulijifunza. Kumfundisha anayechukua nafasi yako ni kazi ya nusu saa: unamzungusha, unamwonyesha fremu nzima na fremu mbovu. Msimamizi aliniuliza siku ile nilipohamishwa kama nitamzungusha mdogo wangu. Nilimwambia aliyejua njia ya kwenda ofisini ataijua na njia ya kwenda kwenye fremu.

Mabamba yote ya fremu ile yalikuja pamoja. Nilikuwa kwenye kigoda changu, nikasikia sauti kama ya mlango mkubwa unaofungwa. Sitakuandikia nilichokikuta. Hakuteseka, hilo ni kweli na unaweza kumwambia mama bila woga. Hakukuwa na muda wa kuteseka.

Ofisi ilitoa gari la kumrudisha nyumbani. Nilikuambia kwamba walinikatalia ruhusa ya kumsindikiza. Walinipa ruhusa, dada. Mimi ndiye niliyesema nina kazi. Nilishindwa kukaa naye safari ndefu namna ile, mimi nikiwa mzima. Na jioni mliyomzika, mama alipochukua simu, hakuniuliza alivyokufa. Aliniuliza kama alikufa tukiwa tunaongea. Mtu gani alimwambia kwamba tulikuwa hatuongei sijui, labda kina mama husikia hata ambacho hakikusemwa. Nilimwambia ndiyo, mama, jana yake tulikula sahani moja. Akasema basi, atalala. Wewe ulikuwa hapo, ulisikia.

Baada ya hapo nilikuwa silali. Kitanda chake kilivuliwa godoro, chuma kitupu kikabaki kinanitazama. Sikuwa na la kufanya na macho yangu, nikatoa kile kitabu chini ya mto na kukisoma chini ya ile balbu. Nilisoma polepole, kwa kidole, mpaka pale hadithi ya yule mama wa reli ilipokatwa. Siku ya mapumziko nikamwambia Mzee wa Stoo niko tayari.

Nilisimama bwaloni. Nilisimulia, na nikuambie ukweli, nilisimulia vizuri. Nilipofika mwisho nikamtazama Mzee wa Stoo, nikingoja ainuke. Akamtazama Mpishi. Mpishi akatikisa kichwa. Nikamtazama kila mmoja na kila mmoja akatazama meza. Hakuna aliyeinuka.

Ndipo Sura ya Kwanza, akiwa ameketi vilevile, akaanza kuongea akiitazama mikono yake mwenyewe. Alisema yeye ndiye aliyechukua kibati changu kwenye kofia. Kitinda alimfuata siku hiyohiyo nyuma ya stoo akamwomba wabadilishane. Alimkatalia kwa mzaha, akamwambia kaka yako hasomi, nitampa kitabu cha picha. Kitinda alimsihi mpaka mzaha ukamwishia. Alimwambia kwamba siku fundi atakaposimama kusimulia, yeye atainuka na mkia, na mbele ya watu fundi hatakuwa na jinsi ila kunyoosha mkono aupokee. Alisema hataomba zaidi ya hapo. Kisha Sura ya Kwanza akasema kwamba kila siku ya mapumziko, tangu mashine ziwashwe, Kitinda alikuwa akija bwaloni na zile karatasi ndani ya shati, akikaa upande wa mlangoni, akingoja kama nitasimama. Kila siku ya mapumziko, dada. Mimi nilikuwa nikimwona anagusagusa kifua chake, nikadhani ananikejeli kwa kikohozi changu.

Nimemaliza kukuambia. Sasa nina ombi.

Begi lake lilifungwa na Mzee wa Stoo na karani wa ofisi, wakalitia lakiri na kulipakia kwenye gari pamoja naye. Uliniambia liko juu ya kabati na mama hataki liguswe. Siku ile ya ajali haikuwa siku ya mapumziko, kwa hiyo karatasi hazikuwa mwilini mwake. Bwenini nimetafuta, nimefungua hata mabomba ya kitanda. Kama zipo, zimo kwenye begi lile. Anza na soksi. Tangu utotoni kila alichokipenda alikitia ndani ya soksi.

Ila siwezi kukuomba mkia bila kusimulia, hilo ndilo sharti, na bwaloni hapakuwa na mwenye mkia wa kunisikia. Basi sikiliza wewe. Kitabu kinamhusu mama mlinzi wa kizuizi cha reli, anayeishi kwenye kibanda kando ya njia. Kazi yake ni kutoka na bendera treni ikikaribia na kushusha mti ili magari yasivuke. Ana binti mmoja. Siku moja binti anachelewa kushusha mti, hakuna anayeumia, lakini mama anamzaba kofi mbele ya abiria wa basi lililosimama. Binti anaondoka na nguo alizovaa. Miaka inapita. Mama anazeeka, bendera inapauka, na kila treni inayopita yeye anatazama madirisha na siyo magurudumu kama alivyoagizwa. Halafu mchana mmoja wa mvua kubwa, yuko ndani anavaa buti, treni imeshapiga honi kule kwenye kona, na mlango unagongwa. Unagongwa chini, karibu na sakafu, kwa ncha ya kiatu, kama alivyokuwa akigonga binti yake mikono ikiwa imejaa kuni. Honi inalia mara ya pili. Akitoka kwa mlango wa nyuma atawahi kizuizi. Mama anashika bendera mkono mmoja, mkono wa pili anauweka kwenye komeo, anavuta pumzi, na anasema

Hapo ndipo Kitinda alipokata. Karatasi ilikuwa na maneno mengine matatu mbele, naziona ncha zake, wembe umepita juu yake. Angeweza kukata popote.

Fungua begi siku mama akiwa ameenda kliniki. Ukizipata, usizisome kwanza, zifunge nilivyozoea, kwa karatasi yoyote ngumu, unitumie. Habari ya mimi na Kitinda kutoongea nakuachia wewe. Wewe ndiye unayelala naye chumba kimoja, utajua kama mama anaweza kuibeba au ni afadhali abaki na ile sahani moja niliyomdanganyia. Fremu ile nilikwenda ofisini nikasema habari zake zote, pamoja na nusu saa niliyomnyima. Waliandika, wakanishukuru, wakaniambia nirudi kwenye kigoda. Fremu nyingine zenye kutu bado zimesimama. Nimemzungusha kijana aliyepewa kazi hiyo sasa, fremu moja baada ya nyingine, na nimemfundisha lile goti.

Na kama begi halina kitu, niandikie hivyohivyo kwamba halina. Wewe ni mwepesi wa huruma na una mwandiko mzuri. Usinitungie mwisho.

Msalimie shemeji, mwambie koti alilonipa bado linanifaa. Wapwa zangu wabusu kila mmoja mahali pake. Mama mpe mkono wangu, na umwambie nakohoa kidogo tu. Nabaki hapa nikingoja jibu lako.

Ni mimi mdogo wako,
ambaye sasa ndiye kitinda mimba.